Maji Lazima Uyasindikize

Wiki iliyopita walinijia vijana watano wa chuo, hapa nyumbani kwangu Kigamboni. Walivuka na kivuko cha Magogoni jua la saa saba, wakafika wamelowa jasho. Shikamoo zao zilikuwa nzuri, hapo sina la kulaumu. Nikawapa maji, nikawakaribisha ukumbini, kumbe wamekuja na kijiti cha kushikia simu. Wakataka nikae karibu na dirisha penye mwanga, nieleze kwa dakika mbili faida ya mwanafunzi wa chuo kujitolea kwenye jamii. Dakika mbili! Dakika mbili hazinitoshi hata kuvaa buti moja.

Nikawauliza, "Kwani ninyi mmeshajitolea wapi?"

"Bado, mama," akajibu mmoja wao. "Tunaanza kwanza na video ya kuhamasisha."

Nilihofia nisije nikawatukana watoto wa watu nyumbani kwangu. Nikawaambia waende tu salama, nitawaandikia. Haya, ndiyo haya. Someni mpaka mwisho, na asiyeweza kusoma mpaka mwisho asije akashika chepe, maana hata kazi ataiacha katikati.

Mimi nilikuwa afisa afya. Zaidi ya miaka thelathini nilizunguka kata za katikati ya jiji, Kariakoo na pembeni zake, nikikagua vyoo, magenge, mabanda ya kuku, na zaidi ya vyote mitaro. Watu waliniita Mama Afya. Wapo walioniita hivyo kwa heshima, na wapo ambao wakiniona natokea kona hii wao wanapotelea kona ile. Mtaa nitakaowasimulia siutaji jina, wenyewe wakisoma watajijua.

Katika miaka yote hiyo wanafunzi wa vyuo waliletwa kwangu, makundi kwa makundi, kufanya kazi za kujitolea. Nawapenda wanafunzi, lakini wamenichosha. Wanakuja na fulana mpya zimeandikwa kifuani na mgongoni, utafikiri tope linajua kusoma. Mara ngapi nimesema, jamani, nendeni kwenye mitumba Mchikichini mkatafute suruali kuukuu na shati la mikono mirefu, kazi hii haitaki fulana mpya. Hawasikii. Wanakuja na raba nyeupe. Wanakuja bila kula, saa nne mmoja anaanguka, tunaacha mtaro tunampepea yeye. Wanauliza choo kiko wapi kabla hawajauliza taka zinapelekwa wapi. Na kila kundi lina mtu ambaye kazi yake siku nzima ni kushika bango.

Sasa msidhani mimi nilizaliwa najua. Nilipoajiriwa nilikuwa na cheti, faili jipya na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Nilipewa vibarua sita na mnyapara wao, Mzee Mbonde, mtu mfupi asiyependa maneno, ambaye alikuwa akizibua mitaro tangu mimi sijaanza shule. Siku ya kwanza nikaamuru tuanze kuzibua juu, pale mtaro unapoanzia, tushuke nao. Kwa akili yangu ya darasani maji yanateremka, basi na sisi tuteremke. Mzee Mbonde akaniangalia, akasema, "Sawa, bibi afya." Hakuongeza neno.

Tukazibua juu vizuri, tope lote likasukumwa chini, likaenda kukaa mwisho wa mtaro. Mvua ya usiku ule ilipoteremka haikukuta pa kutokea, ikarudi nyuma, ikaingia ofisini kwangu. Nimefika asubuhi naikuta rejista ya vyoo inaelea. Mzee Mbonde alikuwa amesimama mlangoni na fagio lake. "Bibi afya," akaniambia, "amri yako ya jana imerudi kukuona."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini siku ileile alinifundisha, na alichonifundisha hakikuwamo kwenye cheti changu. Mtaro unaanzwa mwisho. Unauzibua kwanza mdomo wake, kule maji yanakotokea, kisha unapanda nao taratibu. Tope unalolitoa huliachi pembeni ukalitazama, unalitia kwenye viroba na linaondoka siku hiyohiyo, la sivyo mvua italirudisha ndani kabla hujafika nyumbani. Chini ya mfuniko huingizi mkono, unatanguliza fito, maana humo mna chupa zilizovunjika na sindano. Na ukiona mtaro mkavu wakati mvua inanyesha, usishangilie. Maji yamepata njia nyingine, na njia hiyo ni chumba cha mtu.

Kisha, kazi ikiisha, Mzee Mbonde alikuwa na desturi yake. Alichukua ndoo ya maji, akatia vipande vya mkaa ili vielee vionekane, akamwaga kule juu, halafu akatembea pembeni ya mtaro akiufuata ule mkaa hadi mwisho. Aliita kuyasindikiza maji. "Mgeni humwachi mlangoni ukasema ameshafika kwake," alikuwa akisema. "Na maji ndivyo hivyo." Mkaa ukikwama mahali, kazi haijaisha. Hapo hata kama jua linazama, vibarua wanarudi kushika machepe. Nilimsindikiza na maji yake miaka mingi, mpaka alipostaafu, na sikuwahi kumwona akiruka hatua hiyo hata siku moja.

Niliiruka mimi.

Lilikuja kundi la wanafunzi thelathini na kitu, siku ya Ijumaa, masika yakikaribia na Ramadhani nayo iko mlangoni. Kiongozi wao alikuwa binti anaitwa Upendo, mtoto wa Kilimanjaro, mchangamfu, mwenye sauti ya kuamrisha. Niliwaeleza mambo yote niliyoyaeleza hapa, nikawaambia waanzie chini. Kisha nikaitwa kwenye kikao. Niliporudi saa saba nikakuta wako juu, kwenye barabara kubwa, penye kivuli na watu wengi wa kuwatazama. Mtaro wa pale juu uling'aa. Muziki ulikuwa unapigwa.

"Upendo, kule chini mmefika?" nikamuuliza.

"Tumefika, mama. Yaani kazi imeisha, fresh kabisa!"

Hapa nataka niseme ukweli, ingawa unaniuma mpaka leo. Goti lilikuwa linanisumbua na njaa ilikuwa inanikata. Halafu wakaniletea fulana yao, saizi yangu kabisa, wakanivalisha, wakaniweka katikati ya picha na kunipa shada la maua ya plastiki. Nikacheka kama bibi harusi. Wakaniletea fomu yao ya chuo, nikaisaini kwenye nafasi ya msimamizi na kugonga mhuri. Sikumwaga ndoo. Sikutembea hata hatua kumi kwenda chini kuangalia.

Mvua ilinyesha Jumapili asubuhi, mvua kubwa ya muda wa saa mbili tu.

Jumatatu nilipofungua ofisi alikuwa ananisubiri Bi Tatu. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenyeji wa mtaa ule tangu nyumba zote zilikuwa za chini, zenye ua wa nyuma na mti wa mkungu. Alikuwa amepanga chumba kimoja katika nyumba ya mwisho kabisa, pale mtaro unapotokea, na riziki yake ilikuwa vitumbua. Mtaa mzima ulikunywa chai kwa vitumbua vya Bi Tatu, na mwezi wa Ramadhani ndio uliomlisha mwaka mzima.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba." Akanyanyua ndoo yake, akaiweka juu ya meza yangu, juu ya makaratasi. "Nimekuletea uji."

Nikafunua. Ulikuwa unga wa mchele, umeloa, umechanganyika na tope jeusi. Harufu ya mtaro ikajaa ofisini.

"Nyingine kama hiyo iko chumbani," akasema. "Ndio unga wangu wa mfungo huo. Maji yameniingia mpaka juu ya kitanda. Mwenye nyumba amekuja jana, ameniambia yakiingia tena anakibomoa hiki chumba, anajenga stoo. Mimi nitakwenda wapi, Mama Afya?"

Nikajikakamua kumuuliza kama wale wanafunzi walifika kwake.

"Walifika wawili, kununua vitumbua. Nikawaambia, wajukuu zangu, anzieni huku kwangu, kuna mfuniko pale dukani kwa Massawe, chini yake ndipo panapoziba. Wakaniambia, bibi, usijali, tumekusikia. Wakanipiga picha na karai langu, wakaondoka."

Nilikasirika, na aliyenikasirisha zaidi alikuwa mimi mwenyewe. Nikampigia Upendo simu palepale, Bi Tatu akisikia. Nikamweleza. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mama, si ulitusainia?"

Nilikuwa tayari kumfokea. Lakini alichosema kilikuwa kweli tupu. Nikamwambia, "Nilisaini uongo, mwanangu. Njoo uniondolee."

Kati ya thelathini na kitu walikuja wanne, tena baada ya vipindi, saa tisa. Upendo alikuwepo. Alikuwepo pia Brayson, mmoja wa wale wa raba nyeupe, aliyelalamika kuliko wote Ijumaa ile. Safari hii alikuwa amevaa kandambili, nikamrudisha akatafute buti. Ndiyo, mwanafunzi wa chuo kikuu, mtaroni, na kandambili!

Tukaanzia mwisho, kwa Bi Tatu. Mdomo tuliufungua siku hiyohiyo. Lakini hatua ishirini juu yake mtaro ulipita chini ya duka la Massawe, muuzaji wa jumla wa mabeseni na ndoo, ambaye alikuwa amemwaga zege juu ya mtaro akapata kibaraza cha kupangia mali yake. Nikamwambia atoe mabeseni, tunataka kufungua.

"Mama Afya, hapa hakuna mfuniko. Hili zege zima. Na mzigo wangu nitauweka wapi, barabarani?"

Upendo akamtolea maneno ya darasani, haki ya jamii, afya ya mazingira, sijui uendelevu. Massawe akamsikiliza kwa adabu, huku anahesabu mabeseni. Mimi nikaanza kutafuta kitabu changu cha sheria ndogo kwenye mkoba. Sisi wawili, msomi na afisa, na hakuna aliyefikiria kumgeukia mtu aliyeishi pale miaka yote.

Bi Tatu akaja mwenyewe, kanga kiunoni, akasimama mbele ya duka.

"Massawe."

"Naam, bibi."

"Kesho asubuhi chai utainywa na nini?"

Massawe akachekelea.

"Usicheke. Sina unga, sina pa kupikia, chumba kimejaa maji yako. Kesho chai utainywa na hayo mabeseni. Mfuniko uko hapo chini ya ndoo za bluu, niliuona ukiwekwa kabla wewe hujahamia hapa. Umeupaka saruji nyembamba tu juu yake."

Massawe aliangalia chini. Kisha akamwita msaidizi wake, wakaanza kuhamisha ndoo za bluu, na yeye mwenyewe akashika mtalimbo. Sikuhitaji sheria ndogo yoyote.

Mfuniko ulipoinuka tukachungulia. Fito aliishika Brayson, kama nilivyomfundisha. Kitu cha kwanza alichokivuta kilikuwa rundo la chupa za maji, ndogo, za aina moja, nyingi. Kisha glavu nyembamba nyeupe, moja baada ya nyingine, zimejaa tope. Alizitazama kwa muda. Zile chupa waligawiwa wao, na zile glavu walizivaa wao, siku ile ya muziki.

"Tumezingua," akasema.

Upendo alishuka ndani ya mtaro mwenyewe, akaanza kuzitia kwenye kiroba kwa mkono, nikamkemea, nikampa chepe. Bado hakujua kulishika. Binti amefaulu masomo yote na hajui kwamba chepe linasukumwa kwa paja, si kwa mgongo! Nikashuka nikamwonyesha, na goti langu hilihili.

Kazi ile ilichukua siku tatu. Siku ya pili walikuja bila kupiga picha, nadhani kwa sababu mikono ilikuwa michafu mno kushika simu. Siku hiyo ndipo walipojua kwamba Bi Tatu hana mtoto mjini, kwamba maji humwingia kila masika na kila masika hunyanyua kitanda juu ya matofali, kwamba anaamka mapema kuliko mwadhini. Waliyajua kwa sababu walikuwa wamekaa kizingitini kwake wakipumzika, na mtu ukikaa kizingitini kwa mtu atakuambia. Ijumaa ile walikaa juu barabarani, kwa hiyo hawakuambiwa kitu.

Wakataka kumletea unga. Bi Tatu akakataa. Unga wa kununua, alisema, ni vumbi, kitumbua hakitoboki vishimo. Akakubali mchele, kwa sharti moja, waubebe wenyewe mpaka mashineni baada ya kuloweka, wasimame foleni, na warudi nao kabla haujachacha. Brayson akatumwa. Alirudi amepauka unga kichwa kizima, Bi Tatu akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Siku ya tatu, jioni bado jua linawaka, nikaomba ndoo ya maji na mkaa kutoka jikoni kwa Bi Tatu. Nikawasimulia habari ya Mzee Mbonde. Nikampa Upendo ndoo, nikamwambia apande juu, amwage, na ayasindikize. Bi Tatu akaketi kwenye kigoda pale mdomoni, mkono ndani ya mtaro.

Ndoo ya kwanza haikufika. Mkaa ulikwama chini ya genge la nyanya. Wakazibua. Ndoo ya pili ikafika kwa Massawe ikazunguka humo ndani, ikakataa kutoka. Brayson alitoa neno la mtaani ambalo silirudii hapa, akashika fito tena. Sikuwapa hata neno la faraja, nilikuwa nimechoka nao na nimechoka nafsi yangu. Ndoo ya tatu, tukamwona Upendo anashuka polepole, ameinama, macho kwenye mtaro, anapisha mikokoteni na wapita njia bila kuwaangalia. Akapita duka la Massawe. Akaja. Bi Tatu akainua mkono, na katikati ya kiganja kuna kipande cha mkaa.

"Kimefika," akasema. Upendo akakaa chini palepale, na fulana yake, akalia.

Alipomaliza akatoa karatasi kwenye begi. Ilikuwa ile fomu. "Mama, tulikuwa tuikusanye kesho," akasema. "Tuichane?"

Niliitazama saini yangu na ule mhuri wa zambarau. Nikasema hapana, iache, atakayeisoma aone na kosa langu. Nikatoa pedi ya wino kwenye mkoba, nikamwomba Bi Tatu dole gumba lake. Akalifuta kwanza kwenye kanga, akalikandamiza kwenye wino, kisha kwenye karatasi, juu kabisa ya saini yangu.

Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu sikusaini fomu ya mwanafunzi yeyote kabla mtu anayekaa mwisho wa mtaro hajaweka dole lake. Wengi walinichukia. Wengine walihamia kata nyingine, kwenye wasimamizi wepesi wa mhuri. Waende tu! Ninyi mnaoniuliza faida ya kujitolea, mimi faida yenu siijui. Labda kazi mtapata upesi, labda mtajifunza kuongea mbele za watu, muulizeni mwingine. Ninachojua ni kwamba yupo mtu mwisho wa mtaro, na ameshawaambia wenzenu tatizo liko wapi, nao wakamwambia asijali.

Mwezi ulipoandama, Bi Tatu alikuwa na unga. Mvua kubwa ilikuja wiki ya pili ya mfungo, mchana. Nilivaa buti nikateremka mbio, goti na mimi. Nilimkuta kakaa mlangoni anachoma vitumbua vya futari, maji yanapita mbele yake kwenye mtaro wake, na sakafu yake kavu. Aliniona ninavyohema, akaniuliza kama kuna mtu ananikimbiza.

Siku chache baadaye nikapigiwa simu na mwalimu wa kile chuo, mtu wa taratibu, sauti ya kiofisi. Alikuwa na ile fomu mezani kwake na haielewi. "Mama, hapa kwenye nafasi ya msimamizi kuna dole gumba. Hili ni la nani?"

"La msimamizi," nikamwambia.

"Na hii saini ya chini yake?"

"Hiyo ni yangu. Mimi nilikuwa shahidi tu, na nilichelewa kufika."